Madirisha mengi kwenye Emacs bila kujichanganya

Kabla hujabonyeza kitu shika hili: kwenye Emacs (programu ya kuandikia maandishi na kodi) faili ukiifungua inakaa kwenye bafa, yaani nakala yake iliyo kwenye kumbukumbu ya Emacs, dirisha ni kipande tu cha skrini kinachokuonyesha hiyo bafa. Yaani ukifunga dirisha faili bado ipo, haijaenda popote. Wengi hawajui hili, wanaogopa kufunga, mwisho skrini imejaa vidirisha hata mstari mmoja hauenei.

1. Gawa skrini. Ctrl-x halafu 3 unapata kushoto na kulia, Ctrl-x halafu 2 unapata juu na chini. Mi natumia 3 karibu muda wote, skrini za siku hizi ni pana bana. Ukishagawa utaona faili ileile pande zote mbili, usishtuke, ni bafa moja, ukiandika huku, kule nako inabadilika, na inasaidia sana pale unapotaka kusoma fanksheni iliyoko mstari wa 20 huku unaandika kwenye mstari wa 900.

2. Kuhama ni Ctrl-x halafu o. Madirisha mawili sawa, yakifika manne inachosha, kwa hiyo weka hii kwenye init.el (faili la mipangilio yako ya Emacs):

(windmove-default-keybindings)
(winner-mode 1)

Mstari wa kwanza unakupa Shift na mishale, unaenda upande unaoutaka moja kwa moja. (Ndani ya Org, ile modi ya Emacs ya maelezo na orodha za kazi, hiyo Shift na mishale ina kazi nyingine, we rudi kwenye Ctrl-x o.)

3. Sasa utamu wenyewe uko mstari wa pili. Unakompaili, dirisha la makosa linajitokeza lenyewe linaharibu mpangilio, au unataka tu kusoma faili moja kwa nafasi. Bonyeza Ctrl-x halafu 1, linabaki ulilopo peke yake, soma weee, ukimaliza Ctrl-c halafu mshale wa kushoto na mpangilio wote unarudi kama ulivyokuwa. Ctrl-x halafu 0 yenyewe inafunga hilo ulilopo tu, usizichanganye.

4. Kusoma dirisha la pili bila kuhama: Ctrl-Alt-v, linashuka lenyewe.

5. Mpangilio ukiupenda uhifadhi: Ctrl-x r w a. Kuurudisha: Ctrl-x r j a. Ukizima Emacs unapotea lakini.

Kufunga faili kweli ni Ctrl-x k halafu Enter, ila mi sihangaiki nayo, bafa hata zikiwa hamsini naita ninayoitaka kwa jina, Ctrl-x b, herufi mbili tatu, Tab.