Kabla ya Kwenda Kuitazama The Hay Wain: Mambo ya Kuzingatia

Picha ya mchoraji Mwingereza John Constable iitwayo The Hay Wain (yaani mkokoteni wa nyasi kavu) iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, na kiingilio ni bure. Maandalizi basi si ya pesa, ni ya macho. Wengi huona nyumba, mto na mkokoteni, wakapiga picha kwa simu, wakapita.

Kabla hujatoka, hakikisha kwenye tovuti kwamba picha ipo ukutani, maana picha huazimwa. Ukiwa na siku nzima, pitia kwanza jumba la makumbusho la Victoria and Albert Museum, hukohuko London, ambako pia hulipi. Huko kuna rasimu yake ya rangi za mafuta, kubwa sawa na picha yenyewe: karibu sentimita 130 kwa 185. Brashi imekwenda mbio, na rangi ya kahawia ya chini imeachwa ionekane. Binafsi naipenda rasimu hiyo zaidi.

Jua pia mahali penyewe. Ni Flatford, Suffolk, kando ya mto Stour, palipokuwa na kinu cha baba yake Constable. Lakini picha aliimalizia kwenye studio yake London, mwaka 1821, akitegemea michoro aliyoifanya nje miaka ya nyuma. Alipoionyesha mara ya kwanza aliiita Mandhari: Adhuhuri. Adhuhuri hiyo ilitungwa ndani ya chumba.

Ukifika, anza na mawingu. Miaka ya 1821 na 1822 Constable alikuwa akichora mawingu matupu kule Hampstead, kaskazini mwa London, na nyuma ya vipande vingi aliandika tarehe, saa na upepo ulikotoka. Alimwandikia rafiki yake John Fisher kwamba anga ndiyo inayobeba hisia za mandhari kuliko kitu kingine. Jaribu: ziba anga kwa kiganja, utazame kinachobaki. Ule wasiwasi wa mvua inayoweza kuja au isije unatoweka papo hapo.

Kisha sogea karibu, kadiri mlinzi atakavyokuruhusu. Kijani si kimoja. Kimepangwa kwa vipande vya kijani tofauti, kimoja kando ya kingine. Juu yake kuna vitone vyeupe vya mwanga, ambavyo wakosoaji walivikejeli kwa kuviita theluji. Tafuta wekundu wa hatamu za farasi: ni kidogo tu, ila ndio unaokifanya kijani kichangamke. Paris ilimwelewa mapema, ikampa medali ya dhahabu baada ya maonyesho ya 1824.

Jambo la mwisho halimo kwenye picha. Mwaka 1822 vibarua wa mashamba wa eneo hilohilo la mashariki mwa Uingereza walivunja mashine za kupura nafaka, kwa kuwa ziliwanyima kazi ya msimu wa baridi. Wakata nyasi wa Constable wako mbali upande wa kulia, wadogo mno, hawana malalamiko. Ukilijua hilo, utulivu wa picha unaweza kukukera kidogo. Mimi hunikera, na bado hurudi kuitazama.