Woga Ukishakutoka, Urudishe Hivi

Nawaandikia mliokulia kwenye nyumba za vipigo na makelele, ambao leo watu wanawasifu kwamba mna roho ngumu. Mimi ni wa Makorora, Tanga. Kwetu baba wa kambo akigonga mlango usiku, tulijua kuna mtu atapigwa. Nimekua, nakaanga samaki jirani na soko la Deep Sea, na kwa miaka mingi sikujua kuogopa. Napakiwa bodaboda kwenda Pangani, dereva ananuka pombe, moyo kimya. Mafuta yananirukia, nauona mkono umebabuka ndipo nautoa. Msibani nawatazama wenzangu kwanza, nijue saa ya kulia imefika. Usifurahie hali hii. Inaua.

Chanzo chake kinaeleweka. Mtu akiona hatari, mwili humwambia akimbie au apigane. Mtoto wa miaka sita hamuwezi baba, na nje usiku hana pa kwenda. Basi mwili huganda, huzima maumivu na hofu ili kukuche. Hali hiyo ikijirudia miaka nenda miaka rudi, amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, pamoja na kotisoli, homoni ambayo mwili hutoa ukiwa na msongo, huzoea kufanya kazi kwa namna nyingine. Kuna wanaokuja kushtuka hata sufuria ikianguka, na kuna sisi tusioshtuka kabisa. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walitoa utafiti uliofanyika San Diego: watu wazima waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya ulevi na ya kujaribu kujiua. Kwa hiyo usijione umelaaniwa, wala usijione shujaa.

Kazi ya kwanza ni kubaki hai wakati woga wako haujarudi, na hapo inabidi uazime wa mtu. Chagua mmoja mwenye woga wa kiasi, asiye mwoga wa kila kitu. Mimi nilimchagua dada yangu mkubwa. Kabla ya kupanda chombo, kulala ugenini, kukopa hela au kumfuata mwanamume, nilijiuliza: dada angekubali? Nikishindwa kujibu, nilimpigia simu. Mwambie mtu huyo wazi: "Dada, mimi hatari siisikii, naomba uniambie." Kisha weka masharti yasiyojadiliwa. Sipandi pikipiki ya mlevi. Siingii baharini peke yangu wala usiku. Masharti haya yafuate hata siku unayojiona huyahitaji, kwa sababu siku hiyo ndiyo wewe hujui.

Pili, jifunze mwili upya. Usianze kujiuliza una furaha au huzuni; swali hilo litakurudisha mikono mitupu na utakata tamaa. Uliza vitu vidogo: tumbo limekaza? Taya nimezibana? Viganja vina jasho? Fanya hivyo asubuhi ukishika kikombe cha chai, na jioni ukifunga kazi. Siku nyingi utajibu "hakuna". Andika hivyo hivyo, "hakuna", uendelee.

Tatu, na hapa ndipo nakuomba utulie usome: woga mdogo ukija, utii. Woga wetu ulinyamaza kama mtoto anayeita usiku kucha asiitikiwe. Sasa uitikie. Mimi nilikwenda Raskazone na dada, maji yakiwa yamekupwa, nikawa naingia taratibu. Siku moja maji yalipofika kiunoni tumbo likacheza. Nikageuka nikatoka, pale pale. Usijikaze ili uone utafika wapi. Kujikaza tunakujua tangu utotoni. Ukigeuka, mwili unaona kwamba safari hii kuna mtu amesikia, na kesho utakuonya tena.

Pombe na mirungi ziache katika kipindi hiki, maana zinakuzuia usiusikie mwili wako vizuri. Na ndugu, msimtishe mtu wa namna hii mkidhani atazinduka. Kumrukia gizani au kumpeleka maji mengi kwa mzaha kunamfanya azime zaidi.

Hisia zikirudi huwa hazina adabu. Unaweza kulia sokoni, ukaota ndoto za zamani, ukaogopa sauti ya mlango. Usiyapitie peke yako. Nenda hospitali ya rufaa ya Bombo, ueleze kwamba ni mambo ya akili na ya utotoni, useme na dalili zote ulizoandika. Ukiwaza kujiua, nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukushika mkono. Na kama kuna mtoto anapigwa nyumba ya jirani sasa hivi, piga 116, simu ya watoto, ni bure. Au mfuate ofisa ustawi wa jamii, ama dawati la jinsia na watoto polisi.