Kulinda Transfoma za Dodoma Dhidi ya Dhoruba za Jua

Tarehe 13 Machi 1989, dhoruba ya jua, yaani mlipuko kutoka kwenye jua unaotikisa uga wa sumaku wa dunia na kuzalisha mkondo wa umeme ardhini, iliangusha gridi ya Quebec nchini Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa takribani saa 9. Tanzania iko karibu na ikweta, hivyo hatari yake ni ndogo kuliko ya huko kaskazini. Hata hivyo, njia ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ni ndefu, nayo hupita juu ya miamba migumu ya matale isiyopitisha umeme vizuri, hali inayosukuma mkondo huo wa ardhini uingie kwenye nyaya.

Anza na nyutro ya transfoma, yaani sehemu yake iliyounganishwa na ardhi, kwa sababu ndiko mkondo huo unakopenyea kutoka ardhini. Funga kipimo kinachosoma mkondo mnyoofu (DC), maana vipimo vya kawaida vya mkondo geu (AC) havitauona. Kiini cha chuma kikishajaa sumaku, transfoma hunguruma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida na joto lake hupanda. Fundi wa zamu katika kituo cha kupoza umeme cha Zuzu afundishwe kuitambua sauti hiyo na kuiandika daftarini pamoja na saa yake.

Tahadhari ikitolewa, ahirisha matengenezo, rudisha njia zilizozimwa na punguza mzigo wa transfoma kongwe. Usisubiri, kwani setilaiti zilizo kati yetu na jua hutoa onyo la uhakika la dakika 15 hadi 60 tu. Dhoruba ikipita, pima gesi zilizoyeyuka ndani ya mafuta kabla ya kurejesha mzigo kamili.