Kufundisha Kiingereza Ughaibuni: Karatasi za Kushughulikia Kabla Hujatoka Tanga

Vijana wa Ngamiani na Chumbageni wakiona tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza Asia, swali la kwanza huwa: cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, nasomea wapi? Swali zuri, ila lina zamu yake. Anza na pasipoti: ni ya nchi gani?

Korea Kusini hutoa viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, na kwa Kiingereza inawalenga raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania, Mkenya na Mganda hawamo, hata wawe wanaongea Kiingereza cha redioni. Kwa hiyo wakala anayekuomba pesa ya E-2 achana naye mapema.

Japani mambo ni tofauti kidogo. Viza yao ya mwalimu wa lugha ya kigeni inataka uwe umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12. Sasa piga hesabu. Uliyesoma shule ya msingi ya serikali, miaka yako 7 ya mwanzo ilikuwa ya Kiswahili. Sekondari hadi kidato cha sita ni 6, chuo 3, jumla 9. Hujafika. Mwenzako aliyepitia ingilishi midiamu tangu darasa la kwanza amevuka, mradi shule zake zimwandikie barua kuthibitisha lugha waliyofundishia.

Thailand mlango uko wazi zaidi. Wanataka shahada, hati ya polisi, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC kwa asiyetoka nchi ya Kiingereza. Unaingia kwa viza ya B, si ya utalii, halafu mwajiri anakuombea kibali cha kazi, na shule ishughulikie leseni yako au ruhusa ya muda kwenye Baraza la Walimu. Alama za IELTS huishi miaka 2 tu, basi usiharakie kuufanya kabla hujaanza kutuma maombi. China viza ya kazi ni Z, nayo huwatanguliza raia wa nchi za Kiingereza. Na wewe unayesoma huko kwa viza ya mwanafunzi, vipindi vya jioni vya kufundisha watoto bila ruhusa ya maandishi vinaweza kukurudisha nyumbani na shahada hujaimaliza.

Nimesema shahada, na hapa wengi hukwama. Stashahada ya ualimu, mathalani ya Korogwe, inakupa kazi nzuri hapa nchini, lakini ofisi nyingi za uhamiaji Asia hazitazami chini ya shahada ya kwanza.

Cheti cha kufundishia kiwe cha saa 120 kwenda juu. CELTA cha Cambridge na kile cha Trinity, vyeti viwili vinavyojulikana sana, vina saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama. Kozi za bei chee za mtandaoni hazina kitu hicho, na mwajiri makini anajua.

Kazi kubwa iko kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Omari, cha kidato cha nne Omary, pasipoti Omar. Kwetu ni mtu mmoja, ila karani wa ubalozi anaona watu watatu. Nenda kwa wakili uape kiapo cha majina, au ubadili jina kisheria, kabla cheti hakijagongwa mhuri wowote. Rwanda na Burundi zimo kwenye mkataba wa apostili wa 1961, ambao hufanya mhuri mmoja utoshe kati ya nchi wanachama; Tanzania haimo. Cheti cha Tanzania kinapita njia ndefu: mamlaka ya elimu, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Balozi hazipo Tanga, kwa hiyo weka nauli za Dar kwenye bajeti. Kama uko Muscat tayari, mwandikie dada au kaka barua ya kukuwakilisha, ithibitishwe na ubalozi wetu huko, naye aende na vyeti halisi. Picha ya WhatsApp haitoshi.

Hati ya polisi, ile ya alama za vidole, iache mwisho, maana ofisi nyingi huikataa ikishapita miezi kadhaa. Na ukiwa umeishi Oman miaka kadhaa, uliza mapema kama watataka ya huko pia.

Wakala au mwajiri akikwambia "njoo kwa viza ya utalii, tutakubadilishia", kataa. Wakala aliyeko Tanzania, ulizia TaESA, huduma ya ajira ya serikali, kama amesajiliwa.

Tena usikisahau Kiswahili chenyewe. Mpango wa Fulbright FLTA huwapeleka walimu vijana wa Kiingereza kwenye vyuo vikuu vya Marekani wakafundishe Kiswahili, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili unayoweza kujisajili. Viza ya FLTA ni J-1, na mwaka wa masomo ukiisha unatakiwa kurudi.