Kiwanja kiko bondeni? Kikague hivi kabla hujalipa

Jamani dalali akikwambia "hapa tambarare tu, maji hayasumbui" usitoe hela kwanza, nenda mwenyewe. Bonde ni ile ardhi ya chini katikati ya miinuko, maji yote ya juu yanashukia hapo, kwa hiyo hata pakikauka miezi sita bado ni bonde tu. Angalia ukuta wa jirani kama una mstari wa tope usawa wa dirisha, angalia kama pameota matete au magimbi, chimba kidogo uone kama udongo mweusi unanata kwenye jembe. Halafu waulize kina mama wa pale masika wanalala wapi, hao hawafichi. Hapa Dar bonde la Msimbazi tunalijua, mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishiwa Mabwepande.