Kukuza nathi Malindi: fuata kusi

Nathi, lile tunda dogo la manjano linalokua ndani ya fuko jembamba kama karatasi, ni mmea wa milimani. Asili yake ni Andes, kule Peru na Kolombia, na hapa Kenya anayeujua zaidi ni mtu wa Nyeri au Limuru, ambako hujiotea kando ya mashamba. Kwa hiyo ukitaka kuukuza Malindi, hesabu pepo kabla hujashika jembe. Mti hustahimili joto letu, ila maua hayalipendi: kaskazi ikikaza, mengi hupukutika bila kushika tunda.

Mimi huatika mbegu mwanzo wa Machi, miche iingie ardhini na mvua za masika, na maua yafunguke kusi likishapoza hewa. Toka ua mpaka tunda kuiva ni kama siku 70 hadi 80, basi mavuno huangukia Agosti na Septemba. Jirani yangu wa Ganda hushikilia kupanda na vuli. Miti yake hunawiri vizuri sana, lakini huchanua katikati ya kaskazi, na mwenyewe huja kwangu kutafuta matunda.

Ukiwa na tunda bivu, mbegu unayo. Liponde kwenye bakuli la maji; mbegu zinazozama ndizo njema, zianike kivulini juu ya kitambaa. Zitawanye kwenye chombo chenye udongo laini, uzifunike kwa nusu sentimita tu. Weka chombo chini ya mwembe au banda la makuti, unyevu usikauke. Baada ya siku 10 hadi 15 zitachomoza.

Sasa udongo. Mchanga wetu hauna nguvu, na maji hayakai. Chimba shimo la futi moja, changanya mchanga na udongo wa kando ya mto Sabaki pamoja na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, debe moja kwa mashimo manne. Usizidishe, wanangu. Nathi ikishiba mbolea hutoa majani mapana ya kupendeza, na matunda ya kuhesabu. Mche ukifika sentimita 15 uhamishe jioni, mita moja toka mwenzake, maana hutanuka sana. Matawi ni mepesi na upepo wa kusi huyavunja. Yafunge kwenye fito mapema.

Maji ya visima vingi hapa mjini yana chumvi, na kingo za majani huungua. Kinga maji ya mvua uyaweke, au tumia ya mfereji. Tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa kuzunguka shina, unyevu utadumu.

Usiipande palipokuwa na nyanya, biringani au pilipili. Hao ni ukoo mmoja na nathi, na minyoo ya mizizi iliyobaki mchangani itaishambulia. Ukiing'oa utaona mizizi imejaa vifundo, na hapo hakuna dawa ya kuinusuru. Inzi weupe na vidukari ni rahisi zaidi: twanga majani ya mwarobaini, roweka usiku kucha, chuja, nyunyiza chini ya majani wakati jua limeshuka.

Kuvuna kunataka subira. Tunda halichumwi, huokotwa. Likiiva, fuko lake hukauka na kuwa kahawia hafifu, kisha huanguka lenyewe. Ndani liwe na rangi ya manjano inayokaribia chungwa. La kijani lina sumu, na majani na fuko pia haviliwi. Wafundisheni watoto hili tangu siku ya kupanda, na mbuzi wazuieni. Tunda bivu likibaki ndani ya fuko, mahali pakavu penye hewa, hukaa wiki kadhaa. Jamu yake huganda vizuri bila kuongezwa kitu isipokuwa sukari, na mimi hutia matunda mengine kwenye achari pamoja na pilipili.

Mavuno yakiisha usiung'oe mti. Huu haufi kwa msimu mmoja. Ukate hadi sentimita 25 hivi toka ardhini, tia samadi kidogo, uwekee kivuli cha makuti kaskazi yote, na masika yakirudi utachipua upya toka chini. Matunda hupungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukishaona yamekuwa haba, chomeka vipandikizi vya tawi lililokomaa. Hivyo huchanua mapema kuliko miche ya mbegu, ingawa mti wake huwa mdogo.