Jinsi ya kuitumia kamera ndogo ya kitaalamu: niliyojifunza na G12 yangu hapa Tanga

Naishi Ngamiani, na kazi yangu ni kupiga picha za shughuli za wanawake: singo, kuchorwa hina, ngoma za ndani, maulidi, na mara mojamoja harusi nzima. Kamera yangu ya kila siku ni Canon PowerShot G12, iliyotoka mwaka 2010. Niliinunua mtumba kwa laki tatu na sasa nimekaa nayo miaka sita. Mabinti wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huja nyumbani kuniuliza: dada, ninunue ya namna hii, au nijikaze nichukue ile kubwa ya kubadilisha lenzi, au nibaki na simu? Nawaambia waishike kwanza, halafu nawaonyesha inapoweza na inapokwama.

Tuanze na jicho lake, kwa sababu yote yanatoka hapo. Nyuma ya lenzi kuna kipande kinachopokea mwanga, kinaitwa kihisi. Cha G12 kina upana wa milimita 7.6 na kimo cha 5.7, hakifikii hata ukucha wa kidole changu cha mwisho. Kihisi cha kamera kubwa za fremu kamili ni 36 kwa 24, yaani eneo lake ni karibu mara ishirini. Jicho dogo hupata mwanga kidogo, kwa hiyo kukiwa na giza linahangaika. Lakini jicho dogo linatosheka na lenzi fupi, na lenzi fupi inaona cha karibu na cha mbali kwa pamoja. Usidanganywe na hesabu ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Canon wenyewe walitoa G10 mwaka 2008 ikiwa na megapikseli 14.7, kisha mwaka uliofuata wakatoa G11 wakiwa wameshusha mpaka 10, ili picha za kwenye mwanga mdogo ziwe safi zaidi. G12 ikabaki na 10 hizohizo, na picha zake nazichapa ukubwa wa A4 bila shida yoyote.

Sasa njoo chumbani. Ni mchana, chumba cha uani, bi harusi amekaa mkekani na mikono ameilaza juu ya mto. Mchoraji anamalizia piko kwenye vidole, hina ya kiganjani bado mbichi, inang'aa. Bibi yake bi harusi ameniangalia, ameiangalia kamera, kaniambia: "Mwanangu, ndicho hicho kitakachopiga?" Nikamwambia, "Ndicho hichi, bibi, kaa karibu nikuonyeshe." Nikabonyeza kitufe chenye alama ya ua, nikaacha zumu ikiwa nje kabisa bila kuvuta, nikasogeza lenzi mpaka vidole vinne kutoka kiganjani. Kwenye kioo akaona mstari mmoja wa hina umevimba kama uzi wa kudarizi, na kingo zake zimeanza kukauka na kupasuka. Bibi akainama mwenyewe kutafuta miwani yake.

Hapo ndipo kamera hii inapowashinda wakubwa wake. Inakubali kusogea hadi sentimita moja, wakati lenzi nyingi za kawaida za kamera kubwa hugoma hata kwenye sentimita ishirini. Ila sentimita moja usiitumie, maana lenzi yenyewe itatupa kivuli juu ya unachopiga. Vidole vinne vinatosha. Flashi ya kamera iache imelala, kwa kuwa kwa umbali ule mwili wa lenzi unaikinga na utapata giza la nusu duara chini ya picha. Mgeuze bi harusi mkono wake uelekee mlangoni, uache mwanga wa nje uje kwa ubavu. Ukitokea ubavuni, hina inasimama. Ukitokea usoni kwako, hina inalala.

Kioo chake kinafunguka kama kidirisha na kugeuka, na hilo peke yake limeniletea wateja. Kwenye ngoma ya ndani, wanawake wamejaa ukumbini, huoni kitu. Nainua kamera juu ya vichwa, nakigeuza kioo kinitazame chini, napiga. Au naiweka usawa wa kiuno nikiwa nimekaa na wenzangu, sauti zote nimezizima, na mama wa watu anaendelea kucheza bila kuhisi jicho limemkodolea. Nasisitiza hapa: ukubwa mdogo wa kamera usiufanye kuwa njia ya kuiba picha. Kwanza naomba ruhusa kwa somo na kwa mama wa bi harusi, na shughuli ikiisha kadi naikabidhi palepale. Picha za ndani hazilali kwangu.

Kwa picha za barazani na mtaani, ambako mambo hayasubiri, kuna mpangilio mmoja ninaomfundisha kila binti. Zumu iwe nje kabisa, tundu la lenzi f/4 (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo), fokasi uiweke mwenyewe kwa mkono kwenye mita 2. Kwa jicho lile dogo, kila kitu kuanzia kama mita moja mbele yako hadi upeo wa macho kitakuwa kikali, yaani kitaonekana wazi bila kufifia. Hakuna kusubiri kamera itafute. Na usije ukadhani kwamba ukifunga tundu mpaka f/8 ukali utazidi. Niliwahi kwenda Tongoni kupiga yale makaburi ya nguzo, nikafunga f/8 siku nzima nikiamini nawatendea haki wazee waliojenga. Nilipofungua picha nyumbani, mawe ya matumbawe yalikuwa laini kama yamefunikwa chandarua. Kwenye kihisi kidogo hivi, mwanga ukipitishwa kwenye tundu dogo mno unatawanyika, na ukali unapotea. Kaa kati ya f/3.5 na f/5.6.

Kuna gurudumu dogo juu, upande wa kushoto, lenye namba za kuongeza na kupunguza mwanga. Huku kwetu lizoeze kidole mapema. Kamera ikiona kundi la akina mama wamevaa buibui, inadhani pana giza. Inaongeza mwanga, buibui linakuwa la kijivu na nyuso zinaungua. Rudisha nyuma theluthi mbili ya namba moja. Ikiona wanaume wamepanga mstari kwa kanzu nyeupe, inafanya kinyume chake, kanzu zinatoka kama zimefuliwa na maji ya tope. Ongeza theluthi mbili. Wakiwa wamechanganyika, iache kwenye sifuri na upige kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, utarekebisha kwenye kompyuta. Faili moja la RAW lina zaidi ya MB 10, kwa hiyo chukua kadi mbili.

Uwezo mwingine ambao wengi wanaomiliki kamera hizi hawaujui ni wa flashi mchana. Saa sita, jua liko utosini, mtandio unamtupia mama kivuli machoni. Kamera kubwa nyingi hazikubali flashi ya kawaida ukizidisha kasi ya shata ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, kwa sababu shata yake ni pazia linalopita mbele ya kihisi. Shata ya G12 imo ndani ya lenzi yenyewe, hivyo mimi napiga flashi hata kwa 1/1000. Jua nyuma linatulia, anga la Raskazone linabaki buluu, na uso unajaa mwanga. Flashi yake ni ndogo, haifiki mbali. Mita moja na nusu, isizidi. Ukitaka zaidi, juu pana pa kuchomekea flashi kubwa.

Sasa usiku, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wanapopoteza wateja. Ukumbi una taa za rangi, bi harusi anaingia, nawe umesimama nyuma kabisa na umevuta zumu mpaka mwisho. Lenzi inaanza na f/2.8 ikiwa pana, lakini ikivutwa yote inabaki na f/4.5. Umeshapoteza zaidi ya nusu ya mwanga kabla hujabonyeza. Kamera itapandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, kufidia, na picha itajaa chenga, zile punjepunje za rangi. Dawa ni miguu: sogea mbele, zumu iache pana. ISO 400 naiamini. 800 naitumia kwa picha ndogo za albamu. 1600 ni ya kumbukumbu tu, na 3200 imo lakini mimi siigusi. Kwa tukio ambalo mteja amelipa na litafanyika usiku, nje, bila taa za maana, naazima kamera kubwa. Sioni aibu kusema hivyo, na mteja namwambia mapema.

Kama usiku ndio kazi yako kuu na bado unataka kamera ndogo, tafuta zenye kihisi kikubwa zaidi, kama Sony RX100 ya mwaka 2012, ambayo kihisi chake ni 13.2 kwa 8.8 na lenzi inafunguka mpaka f/1.8. Lakini ile ya kwanza haina kitundu cha kuchungulia, kioo hakigeuki, hakuna pa kuchomekea flashi, na zumu inaishia pale ambapo yangu bado inakwenda. Simu nzuri za sasa nazo usiku zinaunganisha picha kadhaa kuwa moja na chenga zinapungua, hilo nalikubali. Simu ikivuta mbali, hata hivyo, nyingi zinakata tu picha na kuikuza.

Giza la kitu kisichotembea ni habari nyingine. Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kutoka mjini kwa barabara ya Mombasa, ndani hakuna mwanga kabisa. Weka kamera juu ya jiwe au stendi, ISO 80, shata sekunde 15, ambao ndio mwisho wake, washa saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili mkono wako usiitikise, halafu mwombe kiongozi apitishe tochi taratibu ukutani kama anayepaka chokaa. Baada ya picha kamera itakaa kimya muda mrefu. Usiizime, inasafisha chenga. Watu huenda mle kuomba na kuacha sadaka. Penye sadaka mimi kamera naifunika.

Udhaifu mwingine niupitie haraka. Kitundu cha kuchungulia kinaonyesha kama asilimia 77 tu ya picha, kwa hiyo ndoo na viatu ambavyo hukuviona vitakuja kuonekana pembeni. Mimi nakitumia jua likiwa kali au betri ikiwa inakata. Mwendo wake wa kupiga mfululizo ni picha moja au mbili kwa sekunde. Mama akienda kutunza, bonyeza nusu tangu anapofungua pochi, umalizie noti inapogusa paji la uso. Video ni ya mistari 720 tu, na ukishaanza kurekodi zumu ya lenzi haisogei. Anayetaka video aende kwingine.

Ila kuna kichujio cha ND humo ndani, kinachopunguza mwanga mpaka sehemu moja ya nane, nami nakipenda kwa sababu ya baiskeli zetu. Jua la asubuhi, f/8, ISO 80, shata ingetaka 1/320; ukiwasha kichujio inashuka hadi 1/40. Hapa f/8 nakubali kupoteza ukali kidogo. Simama pembeni mwa barabara, mfuate mwendesha baiskeli kwa mwili mzima kuanzia kiunoni, bonyeza huku unaendelea kugeuka. Yeye anabaki, spoku zinakuwa moshi, na nyumba nyuma zinageuka mistari.

Ukienda kununua mtumba, iwashe na uzime mara tano ukisikiliza lenzi, ikisaga, rudisha. Kuna siku niliiweka begi lenye mchanga baada ya kupiga wavuvi ufukweni, lenzi ilipotoka ikakwama njiani, na fundi alichukua wiki mbili kuifungua na kuisafisha. Mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na kwa unyevu wa Tanga utaenea. Funika lenzi kwa kiganja upige picha nyeusi, uikuze utafute vidoa vyenye rangi. Kunja na kunjua kioo uone kama picha inakatika. Betri iliyovimba usikubali hata kwa bure.

Ikishakuwa yako, ukitoka ufukweni ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kikavu kifuate, usiifunge ikiwa na chumvi. Mimi yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nakusanya kwa majirani wote. Kila baada ya wiki mbili navibadilisha, na betri naitoa ikae peke yake.